Barua ya wazi kwa machifu wa Uskoti: fungueni makasha, tusome majina

Kwa Waheshimiwa Machifu,
Baraza la Kudumu la Machifu wa Uskoti,
Edinburgh.

Nakala: Ofisi ya Lord Lyon, Edinburgh.

YAH: NYARAKA ZA FAMILIA ZENU ZENYE MAJINA YA WALIOFUKUZWA NA WALIOTUMIKISHWA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo, pwani ya Tanzania, na makazi yangu sasa ni Glasgow. Tafsiri ya barua hii nitaifikisha kwa katibu wenu, ila nimetaka isomwe kwanza na watu wa kwetu kwa lugha yao, kwa sababu majina ya koo zenu yamo kwenye ramani yetu tangu enzi za mababu. Ukitoka Mombasa kwenda Voi unapita Mackinnon Road, mji wenye jina la William Mackinnon wa Campbeltown, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kifalme mwaka 1888 na kuanza kutawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Bagamoyo nako, mnara wa kanisa la zamani la Misheni unaitwa hadi leo Mnara wa Livingstone. Ndipo ilipolazwa maiti ya David Livingstone Februari 1874, baada ya watumishi wake Susi, Chuma na wenzao kuibeba kutoka kijijini kwa Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia, hadi baharini. Kwa hiyo siwaandikii kama mgeni aliyeona kilti, ile sketi ya wanaume wa Uskoti, kwenye picha za watalii akapata la kusema.

Ombi langu ni moja. Naomba Baraza lenu lipitishe azimio la pamoja kwamba kila chifu mwenye nyaraka za zamani za familia yake aruhusu majina ya watu yaliyomo humo, waliofukuzwa kwenye ardhi za Uskoti na waliotumikishwa ng'ambo, yanakiliwe na kuwekwa wazi, bila kuwatoza wazao wao hata senti. Nazungumzia daftari za kodi ya ardhi, notisi za kuhama, orodha za waliopandishwa meli, na hesabu za mashamba ya miwa, pamba na kahawa ya ng'ambo, ambamo binadamu waliandikwa pamoja na ng'ombe na mitambo ya kusagia miwa.

Kwa msomaji wa kwetu, nieleze kidogo ninaowaandikia ni akina nani. Chifu wa Uskoti leo hana jeshi wala mahakama, na uchifu haumpi haki ya kumtoza mtu kodi. Mamlaka ya kuhukumu waliyokuwa nayo machifu yalifutwa na Bunge baada ya vita vya Culloden vya Aprili 16, 1746, ambako waasi, wengi wao watu wa koo hizi, walishindwa na jeshi la Mfalme. Kilichobaki ni jina, nembo na heshima. Anayemtambua chifu ni Lord Lyon, afisa wa Mfalme mwenye dhamana ya nembo zote za Uskoti, na ofisi yake ni mahakama kamili: mtu akijitwalia nembo isiyo yake anaweza kushtakiwa. Chifu huvaa manyoya matatu ya tai kwenye kofia yake. Mtu wa kawaida wa ukoo havai hata moja. Yeye hubandika kidani chenye alama ya chifu wake, kimezungushiwa mkanda na bizimu, kuonyesha kwamba alama ile si mali yake na kwamba ameivaa kwa kuwa yuko chini ya mwenyewe. Machifu waliotambuliwa kwa namna hiyo ndio waliounda Baraza mwaka 1952, wazungumze kwa sauti moja. Miongoni mwao wamo wanawake, kwa kuwa koo nyingi humpa binti urithi wa uchifu pale asipokuwepo wa kiume. Wapo wenye kasri na maelfu ya ekari, na wapo wanaoishi ng'ambo kwa mshahara wa mwezi, hawana hata shamba la bustani huko Uskoti.

Naielewa hadhi ya namna hii. Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu kwa sheria mwaka 1963, na bado, chifu akifika msibani watu humwinukia. Heshima isiyo na bunduki ina nguvu yake, na ndiyo ninayoiendea. Baraza haliwezi kumwamuru chifu afungue kasha lake. Lakini likisema kwa pamoja kwamba jambo fulani ndilo lenye adabu, atakayebaki nyuma ataonekana.

Sasa niseme kwa nini majina yananikaa moyoni kiasi hiki.

Mama yangu anatoka kwenye familia iliyoanzia Misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watoto kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa na kuwalea pale kwao. Mtoto aliletwa kutoka bara, pengine umri wake miaka sita au saba, akabatizwa, akapewa jina la mtakatifu. Ukimwomba mzee wa familia kama hizo akuhesabie mababu, atakwenda vizuri tu: fulani wa fulani, wa fulani. Halafu anafika kwa yule mtoto, ananyamaza. Nyuma yake hakuna kitu. Hakuna baba, hakuna kijiji, hakuna lugha. Na katika mji huohuo wapo majirani ambao babu zao walikuwa upande wa pili wa biashara ile. Wanajulikana, na tunasalimiana. Sisi watu wa Pwani tumeliishi jambo hili kwa kunyamaza vizazi na vizazi, na najua ukimya ule unakula nini ndani ya mtu.

Ndiyo maana nilipokuja kuishi kwenu na kuona watu wanasafiri kutoka Nova Scotia na North Carolina kuja kutafuta jiwe lenye jina la babu wa babu yao, sikuwacheka. Nilijiuliza tu nani anazo karatasi.

Karatasi mnazo nyinyi. Si zote, lakini nyingi. Taifa lenu linaendesha daftari la nyaraka zilizo mikononi mwa watu binafsi, na mtafiti akilifungua anaona familia za machifu zimejipanga humo moja baada ya nyingine. Linamwambia kilichopo na mahali kilipo. Kukisoma ni ruhusa ya mwenyewe. Wengine hukubali mara moja, wengine huchelewa, na mwananchi wa kawaida asiye na barua ya chuo kikuu mara nyingi hata hajui aanzie wapi kuomba.

Hapa lazima nirudi nyuma, kwa kuwa karatasi ndizo zilizoanza mgogoro wenyewe. Katika desturi ya Nyanda za Juu, yaani kaskazini na magharibi ya Uskoti, mtu wa ukoo aliamini ana haki ya kukaa kwenye bonde walilokaa wazee wake, na chifu ndiye mlinzi wa haki hiyo. Ukoo ulimpa chifu wanaume wa vita na sehemu ya mazao, chifu akawapa ulinzi na mahali pa kuishi. Hayo hayakuandikwa popote. Kilichoandikwa ni hati za mfalme, na hati za mfalme zilimpa ardhi mtu mmoja kwa jina lake. Kwa muda mrefu mambo haya mawili yalikaa pamoja bila kugongana. Kisha yakatengana polepole. Mwaka 1609, kwa makubaliano ya Iona, machifu wa visiwani walilazimishwa kuwapeleka warithi wao kusoma kusini, kwa Kiingereza. Wakaanza kuwa na nyumba mjini, madeni mjini, na marafiki wenye mashamba yenye faida kubwa kuliko yao. Baada ya Culloden hawakuhitaji tena wanaume wa vita. Walihitaji fedha. Siku hiyo desturi isiyoandikwa haikuwa na mahali pa kushitaki, na hati ikashinda.

Hata kabla ya Culloden dalili zilikuwepo. Mwaka 1739 watu wapatao 100 walikamatwa usiku huko Skye na Harris, wanaume, wanawake na watoto, wakapakiwa melini kupelekwa Amerika kuuzwa kama watumishi. Meli ilitia nanga Donaghadee, Ireland, wakatoroka, na habari ikavuja. Machifu wawili wakubwa wa Skye, MacLeod wa Dunvegan na MacDonald wa Sleat, walitajwa kuhusika. Hakuna chifu aliyefikishwa mahakamani. Kisa hiki nilipokisoma mara ya kwanza nilisoma tena aya ileile, maana kwetu hadithi ya watu kukamatwa usiku na kupelekwa pwani ni hadithi ya nyumbani. Sikutegemea kuikuta na majina ya Kigaeli, lugha ya Nyanda za Juu.

Kuna picha kubwa ya rangi Edinburgh, katika jumba la sanaa la taifa, aliyoichora Henry Raeburn mwaka 1812. Ni chifu Alasdair Ranaldson Macdonell wa Glengarry, amesimama wima na bunduki mkononi, amevaa vazi kamili la Nyanda za Juu kutoka kofia hadi soksi, na ukutani nyuma yake zimetundikwa ngao na panga. Ni picha nzuri, na watu huipenda. Miaka mitatu baadaye chifu huyo alianzisha jumuiya ya kulinda mavazi, lugha na desturi za watu wa Nyanda za Juu. Na miaka hiyohiyo watu wa Glengarry walikuwa wakiondolewa mashambani kupisha kondoo na kuvuka bahari kwenda Kanada, ambako jina la bonde lao liko kwenye ramani mpaka sasa. Mwaka 1853 ikafika zamu ya Knoydart, kipande cha mwisho cha ardhi ya familia hiyo: mjane Josephine Macdonell, akiisimamia mali kwa niaba ya mwanawe mdogo aliyekuwa chifu, aliwaondoa watu wakapandishwa meli iitwayo Sillery. Waliokataa kupanda walibomolewa nyumba. Vazi lilihifadhiwa, waliolivaa wakasafirishwa.

Sutherland nayo inajulikana zaidi. Elizabeth, Malkia Mdogo kama watu wangemwita kwetu, Countess wa Sutherland na mkuu wa ukoo huo, aliruhusu maelfu ya watu waondolewe mabondeni kuanzia 1807 hadi 1821 hivi. Strathnaver, mwaka 1814, msimamizi wake Patrick Sellar alichoma miti ya mapaa ili watu wasirudi. Alishtakiwa Inverness mwaka 1816, akaachiwa huru.

Nimefika Croick, kanisa dogo jeupe huko Ross, barabara inapoishia. Mei 1845 watu wa bonde la Glencalvie walifukuzwa, wakajihifadhi makaburini nje ya kanisa hilo, chini ya mahema ya blanketi na turubai, na watoto wao. Mwenye ardhi pale hakuwa chifu wa ukoo, nalisema hilo ili nisimbebeshe mtu mzigo usio wake. Lakini kioo cha dirisha lile nataka mkione nanyi. Ni vioo vidogo vya umbo la almasi. Inabidi usogee, uinamishe kichwa mpaka mwanga uangukie pembeni, ndipo maandishi yanatokea, membamba, yamekwaruzwa kwa kitu chenye ncha kutoka nje. Waliandika kwa Kiingereza ingawa Kigaeli ndicho kilichokuwa lugha yao. Pengine walitaka wasomwe na wageni. Wameandika kwamba watu wa Glencalvie walikuwa hapa makaburini, na tarehe. Sehemu nyingine wamejiita kizazi kiovu, maana waliamini maafa yale ni adhabu ya dhambi zao. Hawakuwa na karatasi, wala hawakuwa na kasha la kuiweka. Walikuwa na kioo cha kanisa, wakakitumia.

Nyinyi mna karatasi. Waliofukuzwa kwenye ardhi za machifu waliandikwa: kaya kwa kaya, nani anadaiwa nini, nani amepewa notisi, nani amekubali nauli ya meli. Karani aliandika ili bwana wake apate hesabu sahihi. Leo orodha hiyohiyo ni kitabu cha ukoo cha watu wasio na kitabu kingine.

Kisha ipo habari ya Karibi, ambayo kwa miaka mingi ilitajwa kwa sauti ya chini katika mikusanyiko yenu. Francis Humberston Mackenzie, Lord Seaforth, chifu wa Mackenzie, alikuwa Gavana wa Barbados kuanzia 1801 hadi 1806 na alimiliki mashamba yaliyolimwa na watumwa huko Berbice, nchi inayoitwa leo Guyana. Mtu huyohuyo alipigania sheria ya Barbados iliyofanya kumuua mtumwa kuwe kosa la mauaji. Akina Malcolm wa Poltalloch, ambao ukuu wa ukoo wa MacCallum uko kwao, walitajirika Jamaica na kununua ardhi Argyll. Mwaka 1848 watu wa Arichonan waliokataa kuhama kwenye ardhi hiyo walipambana na polisi, na baadhi wakafungwa. Hapo naona mkono mmoja ukifanya kazi mbili: fedha za mtumwa wa Jamaica zilinunua bonde, na bonde likaondolewa Mgaeli. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 juu ya ardhi za magharibi ya Nyanda za Juu na visiwani ulionyesha kwamba watu walionufaika na utumwa walinunua zaidi ya ekari milioni moja. Na utumwa ulipokomeshwa kwa sheria ya 1833, Bunge lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Zilikwenda kwa wamiliki. Waliomilikiwa hawakupata kitu.

Profesa Geoff Palmer, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1940 na kuwa profesa wa kwanza mweusi wa Uskoti, alikuwa akiwakumbusha watu mara kwa mara kwamba ukilinganisha na idadi ya watu, Jamaica ina akina Campbell wengi kuliko Uskoti yenyewe. Amefariki mwaka 2025. Akina Campbell hao, na akina McKenzie na akina Grant, wana haki ya kujua jina hilo liliingiaje nyumbani kwao: kwa ndoa, kwa nguvu, au kwa kalamu ya msimamizi aliyeorodhesha watu wa shamba. Serikali ilianza kudai orodha za watumwa katika makoloni miaka ya 1810, na zile zipo London. Lakini za kabla ya hapo, barua za wasimamizi, hesabu za mwaka, vyeti vya mauzo, nyingi zilitumwa nyumbani kwa mwenye shamba. Nyumbani ni wapi, mnajua.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu kitakachopatikana. Makasha yakifunguliwa yatatoa na mema. Njaa ya viazi ilipoingia mwaka 1846, Norman MacLeod wa Dunvegan alinunua chakula na kulisha maelfu ya watu wa Skye mpaka akafilisika, akaifunga nyumba yake akaenda London kutafuta kazi ya ofisini. Karne nzima baada ya ile meli ya 1739, mjukuu wa nyumba ileile alifanya hivyo. Dame Flora MacLeod, aliyekuwa mkuu wa ukoo huo kuanzia 1935, alizunguka dunia akiwa bibi kizee kuwaita wazao warudi Dunvegan, na mwaka 1956 wakaanza kukutana pale katika baraza lao. Ian Macneil wa Barra, profesa wa sheria aliyefundisha Marekani, mwaka 2000 alikabidhi kasri la Kisimul kwa idara ya serikali ya kutunza majengo ya kale, mkataba wa miaka 1,000 kwa pauni moja na chupa ya wiski kila mwaka. Mwaka 2003 akatoa na ardhi ya wakulima wa Barra kwa serikali, bure. Babu zake waliipoteza Barra kwa madeni katika karne ya 19, aliyeinunua akawafukuza watu kwa ukatili mkubwa, na ukoo ukairudisha mwaka 1937. Macneil alifahamu ardhi ile imepita kwenye nini.

Na katika suala la nyaraka zenyewe, wapo kati yenu waliokwisha kutangulia. Nyaraka za Argyll pale Inveraray zina mtunzaji wake na watu huruhusiwa kuzisoma. Orodha ya wakazi wa ardhi za Duke wa Argyll iliyoandikwa mwaka 1779, kijiji kwa kijiji, ilichapishwa zamani, na sijui nyumba ngapi Kanada na Australia zimejipata humo. Nyaraka za Sutherland, zile zenye barua za Sellar, ziko Maktaba ya Taifa Edinburgh. Familia iliyolaumiwa kuliko zote imeweka karatasi zake mezani. Haikuanguka, na ukoo wake bado una mkuu. Chuo Kikuu cha Glasgow nacho, mwaka 2018, kilitoa hesabu ya fedha kilizopokea kutoka kwa watu wa utumwa, na mwaka uliofuata kikatia saini na Chuo Kikuu cha West Indies mpango wa pauni milioni 20. Mlango ukishafunguliwa na mmoja, wa pili hana sababu ya kusema hauwezi kufunguka.

Najua mtakayonijibu, kwa sababu nimeyasikia kutoka kwa watu wema wanaowapenda.

Kwamba ni mali binafsi. Ni kweli, na sijaomba mnyang'anywe. Nimeomba majina yanakiliwe. Barua za mapenzi za bibi zenu na hesabu za mvinyo zibaki kabatini. Tena sheria ya kodi ya mirathi ya Uingereza tayari inatoa msamaha wa masharti kwa vitu vyenye thamani ya kihistoria, mradi wananchi waruhusiwe kuvifikia. Msingi wa makubaliano ya namna hiyo umekwisha kuwekwa.

Kwamba ni gharama. Hilo lina uzito kwa chifu mwenye paa linalovuja. Mnakumbuka mwaka 2000 John MacLeod, chifu wa MacLeod, alipotangaza kuiuza milima ya Cuillin huko Skye kwa pauni milioni 10 ili kukarabati paa la kasri lake la Dunvegan, na kelele zilizofuata. Lakini kunakili orodha si kuezeka kasri. Wapo wanafunzi, jumuiya za koo ng'ambo, wazao wenyewe, ambao wangefanya kazi hiyo kwa kujitolea wakipewa meza, taa na idhini. Na katika kisa kilekile cha Cuillin kuna jambo ambalo halinitoki. Watu walipohoji kama mlima ule ni wake kweli, mjadala ulirudi kwenye hati ya mwaka 1611. Karatasi ya karibu miaka 400 ilichambuliwa neno kwa neno, na mamlaka ya ardhi za Kifalme ikaona haina sababu ya kumpinga. Kama karatasi ya 1611 ina nguvu ya kushika mlima, iweje karatasi ya 1811 ikose nguvu ya kumrudishia mtu jina la bibi yake?

Kwamba mambo hayo ni ya zamani na kuyatafuta ni kazi isiyo na mwisho. Waheshimiwa, hakuna watu duniani wanaojua kutafuta ya zamani kama nyinyi. Ukoo wa Buchanan ulikaa zaidi ya miaka 300 bila chifu. Vizazi vikafuatiliwa, wataalamu wa nasaba wakapekua, mpaka mwaka 2018 Lord Lyon akamtambua mkuu wao. Ukoo wa Gunn nao, baada ya zaidi ya karne mbili, uliitisha mkutano wa ukoo na kupata wake mwaka 2015. Jitihada yote hiyo ilifanyika kumpata mtu mmoja wa juu. Nimeiona na nimeiheshimu. Naomba jitihada ya namna ileile kwa walio chini ya orodha.

Kwamba nitawafungulia mlango wa madai ya fidia. Sina mamlaka ya kuzuia mtu kudai, wala sitajifanya nisiyejua kwamba wapo watakaotaka. Hayo yatakuwa mazungumzo yao na nyinyi. Mimi nasema tu kwamba hofu ya dai halali haiwezi kuwa sababu ya mtu mzima kuficha jina la marehemu wa mwenzake.

David Livingstone alieleza kwamba babu yake aliweza kusimulia habari za wazee wao vizazi sita nyuma. Babu huyo, Neil, aliishi kisiwa cha Ulva, akaondoka mwaka 1792 kwenda Blantyre kutafuta maisha kwenye kiwanda cha pamba. Chifu wao wa Ulva, MacQuarrie, alikuwa ameuza kisiwa kwa madeni mwaka 1777, na ukoo wake leo hauna chifu. Katikati ya karne iliyofuata mwenye kisiwa mpya aliwafukuza karibu wakazi wote. Mwaka 2018 wananchi wa eneo lile walikinunua, wakati waliobaki kisiwani hawazidi watu wachache mezani kwa chakula cha jioni. Mkuu wa ukoo wa Livingstone mwenyewe anakaa kisiwa cha Lismore, akiitunza fimbo ya Mtakatifu Moluag kama wazee wake. Vizazi sita vilivyobebwa kichwani na mkulima wa Ulva ndivyo vilivyozaa mtu ambaye maiti yake ilipita mtaani kwetu, na pale mtaani palikuwa na watoto ambao hawakuweza kutaja hata kizazi kimoja. Nadhani yeye, aliyeandika sana juu ya biashara ya watumwa, angenielewa ninachoomba.

Kwa hiyo naomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda ya mkutano wenu mkuu ujao. Azimio lenyewe linaweza kuwa fupi. Litaje nyaraka za aina gani, liseme majina kwanza, na liwatake machifu wenye nyaraka waeleze hadharani walichonacho, hata kama ni kasha moja. Machifu wasio na karatasi, ambao ni wengi, waziandikie jumuiya za koo zao Marekani, Kanada, Australia na New Zealand kuwaeleza kwamba mtu wa Kingston au Georgetown mwenye jina la ukoo apokewe kwenye meza ya nasaba sawa na mwingine yeyote. Nawaomba pia mkae na watu wa Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa mapema, kwa sababu wino wa karani wa 1790 haungoji. Baadhi ya daftari zimekwisha kuliwa na unyevu. Lord Lyon, ambaye mahakama yake ndiyo huwatambua, anaweza kuwapa mahali pa kuanzia kwa neno moja tu la kuunga mkono.

Jibu lenu nitalichapisha pale nilipochapisha barua hii, kwa ukamilifu wake na bila kupunguza neno, liwe la kukubali au la kukataa.

Wenu kwa heshima,

Mzaliwa wa Bagamoyo,
Mkazi wa Glasgow.